Chumba cha Mama Mkubwa Kimepungua Shibiri Tatu

Mshauri wangu, salamu nyingi.

Safu yako naisoma kila wiki na sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitakuwa upande huu wa kuandika, lakini nina jambo ambalo nisipomwambia mtu asiyenijua nitalifanya, na nikishalifanya halitarudi nyuma, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho hata kama naenda mbio.

Mimi ni fundi wa fremu za picha, mwanamke wa miaka thelathini na minane, nina duka dogo kati ya kinyozi na mchonga funguo. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba, nikachukuliwa na dada yake, mama mkubwa, akanilea pamoja na mwanawe ambaye kwangu ni kaka kamili, tangu utotoni tunamwita Beleshi kwa sababu akichota karanga bakulini mara moja tu, sisi wengine tunabaki kulamba chumvi. Mama mkubwa alikuwa mshonaji. Sasa ana miaka sabini na miwili, magoti yamegoma, nyumba yake ina ngazi sita mbele na tatu nyuma, na imekubaliwa kwamba mwisho wa mwezi huu anahamia kwa Beleshi na nyumba inaingia watu wengine. Jumapili ya mwisho ndugu wote tutakutana pale kumuaga na kuiaga nyumba.

Nilipomuona anazunguka vyumbani akigusa miimo ya milango kama mtu anayehakikisha haijaondoka, nikaamua kumtengenezea nyumba ileile kwa udogo, aiweke mezani huko aendako, afungue na kufunga vilango vyake kila akiikumbuka. Kazi hiyo ninaiweza. Mbao nyembamba ninazo, mabaki ya vioo ya madirisha ninayo, bawaba nilizitoa kwenye vijaluba vya pete, bati la paa nililikunja kutoka kwenye makopo kwa kulipitisha juu ya msumari mmoja baada ya mwingine mpaka likapata mawimbi, hata ule ufa wa ngazi ya tatu niliuchora kwa sindano. Nilitaka iwe siri mpaka siku yenyewe, na hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Nyumba ya mtu huwezi kuijenga bila vipimo, na vipimo bila tepu ni kazi, lakini tepu pale ndani ilishapigwa marufuku. Alikuja bwana mmoja kuwapimia hao wanaoingia, akawa anaivuta tepu yake ya chuma na kuiachia irudi kwenye kikopo, tak, chumba hadi chumba, mama mkubwa akamfuata nyuma mpaka uvumilivu ukamwisha akamwambia, "Hata maiti hupimwa kwa adabu zaidi ya hii." Bwana akamalizia kazi yake nje. Kwa hiyo nikaamua kupima kwa shibiri, kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, kama mama mkubwa mwenyewe alivyonifundisha nikiwa mdogo miguuni pa cherehani yake, alikuwa akisema mkono ndio kipimo ambacho huwezi kukisahau nyumbani. Kila nikienda kumsalimia napima ukuta mmoja kwa siri, leo sebule, kesho stoo, nikitoka napima nje kwa kisingizio cha kung'oa majani kwenye msingi. Shibiri moja ya kweli niliifanya sentimita moja ya mbao, na kila kitu kikawa kinaingia mahali pake kama droo.

Kikabaki chumba cha mama mkubwa. Humo hatuingii, tangu utotoni tunasimama kwenye pazia na kuongea naye tukiwa hapohapo, na mpaka leo miguu yangu ikifika pale inagoma yenyewe. Beleshi ni fundi umeme na siku hizo alikuwa anabadilisha swichi humo ndani, nikampigia simu nikamweleza siri yangu, nikamwambia apime kwa shibiri kama mimi ili namba zote ziwe za aina moja. Akanitumia: upana kumi na tano, urefu ishirini.

Mshauri, nilikata sakafu ya chumba hicho nikaipeleka kwenye nafasi yake ndani ya nyumba ndogo, ikacheza kama kisahani ndani ya sinia. Nikadhani nimekosea kukata. Nikarudi kwenye daftari, nikachukua vipimo vya nje, nikatoa stoo, nikatoa unene wa kuta, na jibu ni kwamba chumba kile kinatakiwa kiwe shibiri kumi na nane kwa ishirini na nne. Upande wa stoo zimepotea shibiri tatu. Upande wa nyuma zimepotea nne. Nilipoweka penseli nikaunganisha, ikatokea njia nyembamba yenye kona, inayozunguka chumba cha mama mkubwa pande mbili, isiyo na mlango.

Sasa nikuambie kwa nini sikucheka. Mama yangu alikuwa na kasha la bati la buluu, nilikuwa nakaa juu yake akinisuka nywele, nakumbuka baridi ya bati kwenye mapaja. Baada ya msiba nilipohamishwa, kasha lile lilikuja na gari lilelile nililokuja nalo mimi, na kwa macho yangu nikaona watu wawili wakiliingiza nyuma ya lile pazia. Sikuliona tena. Nikiwa na miaka kumi na miwili nikauliza, nikaambiwa ya wakubwa niyaache kwa wakubwa. Nikiwa na ishirini nikauliza tena, mama mkubwa akaendelea kutunga uzi kwenye sindano akasema vitu vile vilikwisha. Vilikwishaje, mshauri? Sabuni ndiyo inayokwisha.

Nikampigia Beleshi apime upya, bila kumwambia sababu. Akanipa namba zilezile, kumi na tano, ishirini, papo hapo, na mimi nikajiambia mtu wa kweli hakumbuki namba haraka hivyo. Wiki iliyofuata nikamwomba kwa mara ya tatu. Akacheka. "Dada, wewe ni fundi wa fremu au mpelelezi? Chumba ni kilekile na mkono ni uleule." Halafu akasema tuachane na chumba hicho kwa sababu bi mkubwa ameanza kuuliza maswali. Maswali gani, hakusema. Tangu hapo hata yeye namtilia shaka.

Siku moja mama mkubwa yuko nje anaanika nguo, nikaingia stoo nikagonga ule ukuta kwa vifundo vya vidole, juu, katikati, chini, na mshauri, ulilia kama kuna utupu nyuma yake. Nilikuwa nimebandika sikio pale nilipomsikia mlangoni, ameshika beseni la nguo mbichi, sijui amesimama kwa muda gani. "Unatafuta nini kwenye ukuta wangu?" Nikamjibu, mchwa. Akaniangalia. Akasema nyumba hii miaka arobaini haijawahi kuwa na mchwa. Kesho yake akamwita Beleshi kuukagua ukuta mzima, na kesho kutwa nilipokwenda, nyuma ya pazia kulikuwa na mlango umefungwa, na mlangoni kuna kufuli. Kufuli jipya, lina mafuta bado. Nikiingia mazungumzo yanakatika, nikitoka anasimama dirishani mpaka nipinde kona.

Sasa nakuja kwenye dhambi yangu. Nimeimaliza ile nyumba ndogo. Chumba chake nimekifanya kumi na tano kwa ishirini kama Beleshi alivyosema, na pembeni nimeiacha ile njia, nimejenga ukuta wa uongo wenye bawaba, ukiuvuta kwa ukucha unafunguka, na nyuma yake nimeweka kikasha cha bati nilichokipaka rangi ya buluu, kinaenea kwenye ncha ya kidole. Nimepanga kumkabidhi Jumapili hiyo mbele ya ndugu wote, nimwambie, mama, fungua na hapa, kisha nimwangalie uso. Akishtuka nitakuwa nimejua. Beleshi nilimwonyesha juzi, hakucheka safari hii, alikiangalia kikasha muda mrefu akasema, "Ukifanya hivyo mimi simo," akaondoka bila kuaga.

Naomba ushauri wako. Nimpe ikiwa hivyo au nimwite pembeni nimuulize kabla nyumba haijaingia watu ambao wataubomoa ukuta na kukuta vitu vya mama yangu wasijue ni vya nani? Huyu mama alinilea. Sitaki kumkosea. Lakini pia sitaki kufa mjinga.

Ni mimi,
Mwenye Chumba Kisichotosha

*

Fundi,

Kabla ya kukujibu nilifanya kitu kimoja. Nilimwita mwenzangu wa ukurasa wa michezo, jitu refu linalokalia kiti kama linakionea huruma, nikamwomba anipimie meza yangu kwa shibiri. Akapata sita na kidogo. Nikapima mimi meza ileile, nikapata nane. Droo tulizifungua zote na hatukukuta njia ya siri.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliishia kwenye mstari mmoja: ulimwambia kaka yako apime kwa shibiri kama wewe "ili namba zote ziwe za aina moja." Shibiri ya nani, fundi? Nyumba nzima umeipima kwa mkono wako, ndiyo maana kila kitu kiliingia kama droo. Chumba kimoja tu kimepimwa kwa mkono wa mtu mwingine, na chumba hichohicho ndicho kilichopungua. Mtu huyo mnamwita Beleshi. Sijawahi kumuona, lakini kwa habari za hilo bakuli la karanga siamini kama mkono wake unalingana na wako.

Kama bado unabisha, chukua daftari lako. Kumi na tano kwa kumi na nane. Ishirini kwa ishirini na nne. Pande zote mbili, kila shibiri tano za Beleshi ni sita zako, bila kuzidi wala kupungua. Mwashi anayejenga ukuta wa kuficha kasha angejenga upande mmoja akaenda zake. Hawezi kukaa akakokotoa ili urefu upungue kwa kiasi kilekile ulivyopungua upana. Mkono mkubwa ndio unaofanya hivyo, tena bila kujua. Kaka yako alikwambia kweli mara tatu, na ya tatu akakupa mpaka jibu: chumba ni kilekile na mkono ni uleule. Wewe ukamtilia shaka kwa kuwa alikumbuka namba. Mtu ukimuuliza swali moja mara tatu, unategemea asahau?

Utaniambia ukuta ulilia. Ukuta wowote ukiugonga ukiwa umeshaamua, utalia unavyotaka wewe. Gonga wa duka lako kwa nia hiyohiyo, utamkuta kinyozi ni jambazi.

Sasa tugeuze kiti, kwa sababu hili hujalifikiria hata kwa mstari mmoja katika barua ndefu kama hiyo. Kaa alipokaa mama mkubwa. Amebakiza wiki chache kwenye nyumba ya miaka arobaini. Mtu wa tepu alimchosha. Kisha mtoto aliyemlea mwenyewe anaanza kuja kila mara, anapapasa kuta akidhani haonekani, anang'oa majani ambayo hakuyang'oa miaka yote, kijana wake naye anapimapima chumbani kwa viganja na hasemi kwa nini. Siku moja anakukuta umebandika sikio ukutani, na unamwambia mchwa. Wewe ungefikiri nini? Mimi ningefikiri mnagawana nyumba kabla sijatoka. Kufuli lile nadhani umelinunua wewe, kwa vidole vyako. Na yeye kukusindikiza kwa macho mpaka kona ni kwa sababu ileile uliyonayo wewe: hajui unaficha nini.

Kwa hiyo mko watu wawili mnaopendana, kila mmoja anamchungulia mwenzake, na katikati kuna kaka mwenye mikono mikubwa aliyetunza siri yako mpaka ukamshuku na yeye. Muombe radhi. Alipokwambia hayumo, alikuwa ndiye mtu mzima peke yake humo ndani.

Kuhusu ule ukuta wa bawaba nitakuwa mkali. Ulianza na zawadi, ukaishia na mtego. Ulitaka kumsimamisha mama wa miaka sabini na miwili mbele ya ukoo mzima, umpe kitu kizuri mkononi, kisha umsome uso akiwa amekishika. Na tuseme angeshtuka. Angeshtuka kwa kukumbuka mdogo wake aliyemzika. Wewe ungesema umemkamata, ndugu wangebeba maneno hayo majumbani kwao, na hakuna tepu ya kupima uharibifu huo.

Sikusemi kwa yote. Kasha la buluu uliliona, na ninakuamini. Ulikuwa mtoto wa miaka saba, ukaona vitu vya mama yako vikipita nyuma ya pazia, na mara mbili ulipouliza ukajibiwa nusu. "Vilikwisha" si jibu, na jibu zima bado unamdai mama mkubwa. Lakini swali hilo lina miaka thelathini na moja, lilikuwepo kabla ya mbao, gundi na Beleshi. Hukuwa na ujasiri wa kulirudia kwa mdomo, ukaona heri ulijengee ukuta. Sijui atakujibu nini. Huenda aliviuza kwa shida akaona aibu, huenda alivigawa, huenda kasha liko chini ya kitanda chake muda wote huu, umbali wa hatua nne kutoka kwenye pazia ambalo hujawahi kulivuka. Mimi sijafika kwenye nyumba hiyo na sitajifanya najua.

Fanya hivi, na usingoje Jumapili. Leo ng'oa ule ukuta wa uongo. Kikasha kitoe, usikitupe, kifunge kwenye leso. Sakafu ya chumba chake nayo iondoe, kibaki pengo hivyohivyo. Kesho asubuhi ibebe nyumba ndogo mpaka kwake, panda ngazi sita, iweke mezani bila kuifunika. Siri imekwisha kazi yake, na imefanya hasara ya kutosha. Mwambie ukweli wa mchwa kwanza, huo ndio utakaokupa shida kuutamka. Kisha mwonyeshe pengo, umwambie umekwama chumbani kwake kwa sababu kipimo ulichonacho ni cha mkono usio wako.

Akifungua kufuli, na nadhani atafungua akishaona ufa wa ngazi ya tatu, usiingize tepu. Vuka pazia. Weka kidole gumba kwenye kona ya ukuta na utembeze mkono kama alivyokufundisha, yeye akae kitandani ahesabu kwa sauti. Akifika kumi na nane na kidole chako kikagusa kona ya pili, hesabu yangu itakuwa sawa na hakuna ukuta wa siri. Akiishia kumi na tano, niandikie, nitakuja na nyundo mwenyewe.

Lakini itafika kumi na nane. Ikifika, usiuondoe mkono ukutani na usigeuke kumwangalia uso. Muulize hapohapo, kwa maneno machache: mama, lile kasha la buluu lilikwenda wapi? Kisha nyamaza, umpe muda. Akikwambia, utajua kikasha kilichomo kwenye leso kinatakiwa kuwekwa chumba gani.